Mcheza kwao, je, hutuzwa?

Wiki chache zilizopita mwanafunzi wangu wa mwaka wa tatu alibisha mlango wa ofisi yangu akiwa na barua aliyotaka nimsahihishie. Alikuwa anaiaga klabu yake ya kriketi hapa Nairobi, klabu aliyoichezea tangu akiwa kidato cha pili, ili ajiunge na nyingine iliyo mwendo wa nusu saa kwa matatu. "Daktari," akaniambia, "ningependa iwe barua ya heshima." Ilikuwa ya Kiingereza, kama zilivyo barua nyingi za vilabu vyetu, na haikuhitaji masahihisho mengi. Aliporudi siku tatu baadaye alinionyesha majibu aliyopata katika kundi la WhatsApp la timu. Hayo yaliandikwa kwa Kiswahili. Sijui ni kwa nini adabu zetu huvaa Kiingereza na matusi yetu huvaa Kiswahili, lakini hilo ni somo la siku nyingine.

Mwenzake mmoja alimwita mamluki. Nahodha, mtu wa makamo anayeheshimika, alimkumbusha kwa upole kwamba mcheza kwao hutunzwa.

Ahadi iliyomhamisha kijana huyu ni ndogo hata inatia haya kuitaja: nauli ya kwenda na kurudi kila wikendi, viatu vya misumari, na pedi za miguu ambazo hatalazimika kuziazima kwa mpigaji aliyetolewa kabla yake. Mshahara haumo. Msimu uo huo klabu yake ya zamani ilikuwa imemleta mpigaji kutoka ng'ambo, ikamlipia tiketi ya ndege na kumpa chumba cha kulala na posho. Mgeni huyo hakuitwa mamluki na mtu yeyote. Aliitwa "profeshono".

Niruhusu, msomaji, nianze na maneno, kwa kuwa ndiyo kazi inayonilisha. Mamluki ni neno la Kiarabu, na limetokana na mzizi uleule uliotupa milki na kumiliki. Maana yake ya asili ni mtu anayemilikiwa, yaani mtumwa, hasa yule aliyenunuliwa akiwa mdogo na kulelewa awe askari. Kiswahili kililipokea kisha kikalisogeza hadi kwa askari wa kukodiwa, na kutoka hapo likafika kwa yeyote anayefuata fedha. Ukilipima kwa asili yake, basi, neno hili halimfai hata kidogo mtu aliyekaa akafikiri, akaandika barua na kuondoka kwa hiari yake. Linamfaa zaidi yule anayebaki kwa sababu klabu inadhani inammiliki. Na wale mamluki wa kale, wasimamizi wa vilabu wangefaa kukumbuka, walijitwalia utawala wa Misri mwaka 1250 na kuushikilia hadi 1517.

Methali ya nahodha ina utamu zaidi. Wazee wengi hulitamka neno la mwisho "hutuzwa", vijana husema "hutunzwa", na watu hugombana bure kuhusu lililo sahihi. Kutuza ni kumpa mtu tuzo. Kutunza ni kulea na kuhifadhi, lakini ngomani na katika taarabu ni kumpa mchezaji au mwimbaji fedha anapofurahisha. Methali hii ilizaliwa katika uwanja wa ngoma. Mchezaji akizungusha vizuri, watu wa mtaa wake huinuka wakamwendea na noti mkononi, mbele ya macho ya wote. Kwa hiyo ni methali ya pande mbili, kama mkataba: upande mmoja kuna mchezaji anayecheza kwao, na upande wa pili kuna hao wa kwao wanaotoa. Nahodha alimsomea kijana upande wa kwanza tu.

Upo mji mmoja ulioielewa methali hii vyema bila kujua neno la Kiswahili. Ni Nelson, mji wa wafumaji wa pamba huko Lancashire, kaskazini mwa Uingereza. Ligi ya Lancashire iliasisiwa mwaka 1892, na kwa miaka mingi ilifuata kanuni nyepesi kueleza: kila klabu iwe na mchezaji mmoja wa kulipwa, mmoja tu, na wale kumi waliobaki wawe watu wa ridhaa. Mwaka 1929 Nelson ilimwajiri Learie Constantine kutoka Trinidad. Malipo yake yalikuwa pauni 500 kwa msimu pamoja na bakshishi za ushindi, kima ambacho mfumaji wa mji huo asingekiota hata ndotoni. Ilikuwa miaka ya dhiki. Viwanda vya pamba vilikuwa vinafungwa na watu kukosa kazi. Wala Constantine hakupokewa na wote kwa mikono miwili, kwani mtu mweusi alikuwa ajabu katika mitaa ile, na ubaguzi aliuonja.

Hata hivyo watu walifurika viwanjani. Kila alikokwenda kucheza, klabu mwenyeji ilivuna viingilio, na katika misimu 9 aliyoichezea, Nelson ilitwaa ubingwa mara 7. Lakini jambo ninalotaka tulitazame si vikombe. Ni uwazi wa mpango wenyewe. Kila mtazamaji alijua ni nani analipwa. Mwenyeji wa ridhaa naye hakuachwa mikono mitupu: mpigaji akifikisha mikimbio 50, kofia au sanduku lilizungushwa miongoni mwa watazamaji, kila mmoja akatia senti zake, na fedha zile zikawa za mchezaji. Mtoto wa mwashi aliyefunga pedi Jumamosi mchana aliweza kurudi nyumbani na malipo yaliyotoka mifukoni mwa majirani zake. Hiyo ndiyo "hutuzwa" ya ngomani, iliyohamia kwenye nyasi za Lancashire.

Sitaki kuupamba mji ule kupita kiasi. Timu ya West Indies ilipozuru Uingereza mwaka 1933, Constantine alicheza mechi moja tu kati ya tatu za Test, kwa sababu klabu iliyokuwa ikimlipa haikuwa radhi kumwachia. Fedha ilikuwa na masharti yake, na nchi yake ikaumia. Lakini tazama mwisho wa hadithi. Mtu huyu aliyeletwa kwa fedha aliendelea kuishi Nelson hadi 1949, miaka mingi baada ya klabu kuacha kumlipa. Alipotunukiwa cheo cha Lodi mwaka 1969, mtu mweusi wa kwanza kupewa kiti cha maisha katika Baraza la Malodi, aliyaingiza majina mawili ya mahali katika cheo chake: Maraval ya Trinidad na Nelson ya Lancashire. Anayedai kwamba mchezaji wa kulipwa hawezi kupenda anakochezea itambidi alitafutie maelezo jina hilo la pili.

Sasa turudi Nairobi. Klabu zetu kongwe za kriketi hazikujengwa juu ya mtaa, kama za Lancashire, bali juu ya jumuiya. Aga Khan, Sir Ali Muslim, Simba Union ya Masingasinga, Kanbis na Swamibapa za Wagujarati: mtu alizaliwa ndani ya klabu kama alivyozaliwa ndani ya dini na ukoo. Swali la uaminifu halikuwapo, kwa kuwa hapakuwa na pa kuhamia. Baba alicheza hapo, mwana akacheza hapo, na chakula cha mchana kilipikwa na akina mama wa jumuiya hiyo hiyo.

Mambo yalibadilika vijana Waafrika walipoanza kuingia na kung'ara. Steve Tikolo alivuma na Swamibapa na Maurice Odumbe na Aga Khan, na hakuna kati yao aliyerithi klabu yake kutoka kwa babu. Kwa mara ya kwanza klabu zilikuwa na nyota ambao hawakufungwa nazo kwa damu wala kwa sala. Walifungwa kwa nini, basi? Kwa urafiki, kwa kocha aliyewapenda, kwa kazi aliyowatafutia mwanachama fulani, kwa bahasha. Hapo ndipo fedha ilipoingia mchezoni kwetu, nayo haikuingilia mlangoni kama Nelson, iliingilia dirishani. Hapakuwa na mkataba wa maana, wala mtu hakujua mwenzake anapata nini. Na jambo lisilosemwa halina budi kuzaa tuhuma.

Tena mchezo wenyewe ni ghali kwa asili yake. Mechi ya kandanda humalizika kwa dakika 90, na mchezaji akarudi kibandani kwake kuuza. Mechi ya kriketi ya ova 50 kila upande humeza siku nzima, kuanzia asubuhi hadi jua linapopunga. Kwa kijana anayeishi kwa kibarua, kila Jumapili ya ligi ni siku bila ujira. Bati bora huchongwa kwa mti wa willow, uotao Uingereza na Kashmir, na bei yake katika duka la Nairobi yaweza kumpita mzazi kimo. Mtoto wa mwanachama hununuliwa bati na babake. Mtoto wa Shauri Moyo au Eastleigh huazima. Kumdai huyu wa pili uaminifu uleule wa yule wa kwanza ni kumtoza kodi ya mapato asiyoyapata.

Sisemi kwamba wageni wafukuzwe. Tutakuwa watu wa ajabu tukisema hivyo, kwa maana timu ya taifa iliyofika nusu fainali ya Kombe la Dunia mwaka 2003 ilifunzwa na Sandeep Patil wa India, mtu wa kulipwa kutoka ng'ambo. Baada ya mashindano yale, Collins Obuya, aliyeiangusha Sri Lanka hapa Nairobi kwa wiketi 5, alisajiliwa na kaunti ya Warwickshire. Kabla yake Tikolo alikuwa amechezea Border ya Afrika Kusini. Nilikuwa mwanafunzi wa chuo siku zile na sikumbuki kumsikia Mkenya yeyote akimlaumu Obuya kwa kufuata fedha Uingereza. Tulishangilia. Anayevuka bahari ni fahari yetu, anayevuka barabara ya Thika ni msaliti.

Na kama kuna nchi ambayo yapaswa kujua gharama ya kuwadai wachezaji mapenzi bila kuwatuza, ni hii yetu. Tarehe 29 Februari 1996, huko Pune, Wakenya ambao wengi wao walikuwa watu wa ridhaa waliishinda West Indies kwa mikimbio 73: sisi 166, wao 93. Miaka 7 baadaye tukasimama mbele ya India katika nusu fainali mjini Durban. Ilipofuata mivutano kati ya wachezaji na viongozi kuhusu malipo, na mingine ikafikia migomo, kauli iliyosikika sana ilikuwa kwamba wachezaji wamekosa uzalendo. Mwaka 2005 Chama cha Kriketi kikafutwa na nafasi yake kuchukuliwa na Cricket Kenya. Mwaka 2014 tukapoteza hadhi ya kucheza mechi rasmi za kimataifa za siku moja. Mwaka 2018, baada ya kushindwa mechi zote Namibia, tukashushwa daraja, na rais wa chama, kocha na nahodha wakajiuzulu kwa mpigo. Fedha siyo sababu pekee ya maporomoko hayo, na ningemdanganya msomaji nikisema hivyo. Lakini sijaona bado mahali ambapo neno "uzalendo" lilimnunulia mtu pedi.

Ningependa klabu zetu ziige vitu viwili kutoka Lancashire, navyo havihitaji mfadhili. Kwanza, anayelipwa ajulikane, na anacholipwa kiandikwe, awe ametoka Kutch au Kariobangi. Pili, mgeni aletwe kwa sharti la kufundisha. Walimu wenzangu wa shule za umma wanajua kwamba wanafunzi wao wengi hawajawahi kulishika bati. Mtu aliyelipiwa tiketi ya ndege ili apige mikimbio mwishoni mwa juma ana siku tano mikononi mwake, na zipo shule nyingi jijini zenye uwanja na hazina kocha. Wapo watakaosema kwamba fedha ni za wanachama binafsi na wanazitumia wapendavyo. Ni kweli. Lakini basi wasije kwa kijana wa nauli na kumhubiria habari za kwao na kwetu.

Kijana wangu aliniuliza kama amjibu nahodha. Tulikaa tukatafuta maneno, mara hii kwa Kiswahili. Aliandika kwamba anashukuru kwa miaka yote aliyofunzwa, kwamba hana ugomvi na mtu, na kwamba methali ile anaikubali yote, mwanzo na mwisho. Nilimshauri aiache sentensi ya mwisho bila maelezo. Alituma mbele yangu, akaweka simu mezani, na kwa muda tukazungumza kuhusu tasnifu yake iliyochelewa.

Jibu la nahodha lilifika kabla hajaondoka. Alimtakia heri, kisha akamkumbusha arudishe jezi mbili na kofia ya klabu kabla ya Jumamosi, kwa kuwa kuna mchezaji mpya anayezihitaji.