Uliza Kwanza, Lipa Baadaye



Umeuza korosho. Fedha umepata. Mtu anakuambia, "Nauza nyumba yangu ya bati. Lete fedha leo." Usilipe leo. Uliza kwanza.

Kwanza, muulize mke wake. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema mume asiuze nyumba ya familia bila mkewe kukubali. Mke naye asiuze bila mumewe kukubali. Ukinunua kwa mmoja tu, mwenzake anaweza kwenda mahakamani. Unaweza kukosa nyumba na fedha pia.

Pili, nenda ofisi ya kijiji. Uliza nyumba ni ya nani. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, halmashauri ya kijiji ndiyo inayosimamia ardhi ya kijiji. Muuzaji na mnunuzi wasimalizane peke yao.

Tatu, itazame nyumba mchana. Je, kuta zina nyufa? Je, bati linavuja? Je, kuna tangi la kukinga maji ya mvua? Huku Newala maji ni ya shida.

Nne, kama unakopa, piga hesabu. Ukikopa shilingi 1,000,000 kwa riba ya 10 kwa mia, utarudisha shilingi 1,100,000. Bei ya korosho hupanda na kushuka. Je, ikishuka utaweza kulipa?

Mwisho, andikianeni mbele ya mashahidi. Wewe sasa unajua kusoma. Usitie dole gumba. Soma kila neno, ndipo utie sahihi.

Haraka haraka haina baraka.