Filamu Iliyosifiwa Sana, Ikatazamwa na Wachache

Wazazi wametuuliza mara kwa mara kama sifa za wahakiki zatosha kuwa kipimo cha filamu ya kuingizwa nyumbani. Wiki hii tumechagua kuwajibu kwa mfano mmoja.

The Insider ni filamu ya mwaka 1999 iliyoongozwa na Michael Mann. Inasimulia mkasa uliotokea kweli nchini Marekani. Dkt. Jeffrey Wigand, aliyekuwa mkuu wa utafiti katika kampuni ya sigara ya Brown & Williamson, alifukuzwa kazi mwaka 1993 huku amefungwa na mkataba wa kutunza siri. Baadaye alikubali kuhojiwa na kipindi cha 60 Minutes cha televisheni ya CBS, akaeleza kwamba wakubwa wa biashara hiyo walijua fika namna nikotini inavyomtia mtu uraibu. Mwaka 1995 kituo hicho, kwa kuhofia kushtakiwa, kikayazuia mahojiano hayo. Hayakurushwa hewani hadi Februari 1996.

Wahakiki waliipokea filamu hii kwa mikono miwili. Chama cha wahakiki wa Los Angeles kiliitaja kuwa filamu bora ya mwaka, na Russell Crowe, aliyeigiza kama Wigand, kuwa mwigizaji bora. Ilipendekezwa kuwania tuzo 7 za Oscar, lakini haikuambulia hata moja. Wala umma haukumiminika: iligharimu takriban dola milioni 90, ikakusanya takriban milioni 60 tu.

Lawama nazo hazikukosekana. Mtangazaji Mike Wallace alilalamikia namna alivyochorwa, na kampuni ya sigara ikapinga baadhi ya matukio. Filamu yenyewe inakiri kwamba mambo kadhaa yametiwa nakshi. Kwetu sisi hilo si dogo, kwani anayesimulia kisa cha msema kweli hana budi kuchunga mizani yake kuliko mwingine yeyote.

Hata hivyo, sifa nyingi zilielekezwa kwenye uigizaji na upigaji picha. Sisi tuliitazama nyumba. Mume anarudi amefukuzwa kazi, na mkewe hajui mpaka aulize. Kuna mtoto mgonjwa anayehitaji bima ya matibabu. Vitisho vinapoanza, mke anajikuta akibeba mzigo ambao hakushirikishwa kuupima, na mwishowe ndoa inavunjika. Wigand alishinda mbele ya umma, lakini baada ya kufukuzwa alifundisha shule kwa mshahara mdogo mno kuliko ule wa awali.

Waswahili husema msema kweli mpenzi wa Mungu. Tunaukubali msemo huo, ila tunaongeza kwamba msema kweli huyo ana mke, ana watoto, na ana kodi ya nyumba. Akikata shauri peke yake, huwatumbukiza vitani watu wasiopewa silaha.

Basi jibu letu ni hili. Filamu hii yawafaa vijana wakubwa pamoja na wazazi wao. Ina maneno makali, na inazidi saa mbili na nusu, hivyo isiwe ya watoto. Ikiisha, msizime tu na kwenda kulala. Ulizaneni: baba au mama akigundua dhuluma kazini kwake, nasi tukijua mshahara utakatika, tutamwambia anyamaze au tutasimama naye? Ni heri swali hilo lijadiliwe sebuleni leo, kabla barua ya kufukuzwa haijafika.