Motere inachemka, shofaji inapuliza baridi

Barabara ya Lubero kwenda Butembo ina baridi, na mwenye mtoto mchanga humwomba dereva awashe shofaji. Ikipuliza baridi huku mshale wa joto unapanda kwenye nyekundu, tusikubali kuambiwa ni magonjwa mawili. Shofaji haina moto wake: inatumia maji ya moto yanayotoka kwenye motere. Maji yakipungua, mara nyingi shofaji inayakosa kwanza, kisha motere inaungua.

Kwa hiyo, kabla chama hakijalipa shofaji mpya, tumuulize fundi: maji yameenda wapi? Atafute bomba lililopasuka, radiateri inayovuja, pompi ya maji isiyosukuma tena. Zulia likilowa miguuni na harufu tamu ikisikika, inayovuja ni radiateri ndogo ya shofaji. Maji yakipotea bila kuonekana chini, na mafuta ya motere yakawa kama maziwa, hapo kazi ni kubwa. Msiendelee na safari.

Motere ikiwa haichemki lakini shofaji ni baridi, hilo ni jambo lingine. Huenda termostati imekwama wazi, au fundi aliitoa. Mafundi wengi wanapenda kuitoa, sisi hatupendi.

Tena, kifuniko cha radiateri hakifunguliwi motere ikiwa moto, mvuke unaruka hadi usoni. Zimeni, teremsheni watoto, ngojeni hata nusu saa. Wala msimwage humo maji baridi ya mtoni kwa haraka: chuma cha motere kinaweza kupasuka.