Sindano ya Mgongo Haina Hatia

Nani aliwaambia mama zetu ati sindano ya mgongo humwachia mtu maumivu ya maisha? Hapa Langas maneno hayo yamejaa kila bomba la maji. Dada yangu alipoambiwa atazaa kwa upasuaji, aliikataa sindano hiyo ng'o! Alitaka alazwe usingizi kabisa.

Ukweli ni huu. Mtaalamu wa ganzi hudunga sindano nyembamba kiunoni. Dawa huzima mishipa ya fahamu kuanzia tumboni kwenda chini kwa muda wa saa chache tu. Mama yu macho, anapumua mwenyewe, na anasikia kilio cha kwanza cha mwanawe. Wala si jambo la jana. Mjerumani August Bier aliifanya mwaka wa 1898. Kweli, palipodungwa huuma siku chache, na wengine huumwa na kichwa. Lakini mgongo wa miaka mingi huwapata hata waliozaa bila sindano. Mimba, kubeba mtoto na mitungi ya maji, je, havina lawama?

Mimi simlaumu jirani aliyemtisha dada. Namlaumu aliyempa karatasi ya Kiingereza akamwambia, "Weka sahihi hapa." Muuguzi mwingine alipomweleza kwa Kiswahili, dada alikubali mara moja.

Basi wenzangu mnaotamani kusomea udaktari pale Chuo Kikuu cha Moi, msikiache Kiswahili langoni. Mgonjwa akiuliza, mjibuni. Kuuliza si ujinga.