Eko isiwe safari ya mkoani

Kwa miezi mitano mdogo wangu alitibiwa pumu. Akipanda kilima alihema. Usiku alilala ameegemea mito mitatu. Tulipompeleka mkoani akafanyiwa eko, kipimo cha moyo cha mawimbi ya sauti, tukaona wenyewe kwenye skrini: mlango mmoja wa moyo umekakamaa, haufunguki sawasawa. Hakuna sindano, hakuna mionzi.

Kipimo kingine cha moyo, ECG, huonyesha umeme wa moyo. Eko huonyesha milango, kuta na nguvu ya kusukuma damu. Watafiti Edler na Hertz waliianzisha eko mjini Lund, Uswidi, mwaka 1953. Miaka zaidi ya 70 baadaye, mgonjwa wa wilayani bado anakisiwa. Serikali ipeleke mashine hospitali za wilaya, na isomeshe watakaozitumia. Moyo hausubiri nauli.