Breki si Pedi

Peleka Altezza yenye breki mbovu kwenye gereji ya chini ya mti, iwe Mbweni au Temeke, na jibu utapewa kabla hujazima injini: "Pedi zimeisha, bosi." Unatumwa Kariakoo, unarudi na boksi, pedi zinafungwa, na wiki haiishi gari lina ugonjwa uleule. Safari ya pili unaambiwa pedi ulizonunua ni feki. Imani hii kwamba breki ni pedi imekomba fedha za wengi, na inaachia barabarani magari yasiyosimama.

Tuanze na umri. Toyota ilitengeneza Altezza kuanzia 1998 hadi 2005. Hata ile ya mwisho kutoka kiwandani imeshafikisha miaka 20, na mipira yake ya breki pamoja na sili za masta silinda mara nyingi ni zilezile zilizokuja nayo kutoka Japani. Pedi ndizo kitu kipya kuliko vyote kwenye mfumo huo, na bado ndizo zinazosingiziwa kwanza.

Anayeujua ugonjwa ni mguu wa dereva. Pedeli ikiwa laini na ukiipampu inapanda, mara nyingi kuna upepo ndani. Ukiishikilia kwenye foleni ya Mwenge ikawa inazama polepole, na hakuna tone linalovuja popote, sili za ndani za masta silinda zimechoka. Ikiwa ngumu na gari halisimami, ipime busta: zima injini, kanyaga mara kadhaa hadi pedeli ikakamae, ishikilie hivyohivyo, kisha washa. Isiposhuka kidogo, busta au mpira wake wa upepo una kasoro. Hapo boksi la Kariakoo halikusaidii kitu.

Sisi wa Mbweni tuna adui wa ziada. Upepo wa bahari unabeba chumvi, na chumvi inakula pini za kalipa na pistoni yake, hasa kwa gari linaloegeshwa wiki nzima likisubiri Jumamosi. Kalipa ikishika, gari linavuta upande mmoja, na rimu moja inachemka kiasi cha kutoweza kusogeza kiganja. Fundi wa pedi atakuonyesha pedi iliyolika vibaya, na kweli imelika, lakini ni kwa sababu kalipa haikuiachia. Fundi makini angenyanyua gari, akazungusha tairi lililoshika, akafungua nipo ya breki. Tairi likiachia papo hapo, presha ilikuwa imenaswa huko juu, mara nyingi ndani ya mpira uliovimba kwa uzee. Lisipoachia, kalipa yenyewe ndiyo mbovu.

Lakini linaloniudhi kuliko yote ni mafuta ya breki. Tunayaongeza, hatuyabadilishi. Mafuta haya yanafyonza maji kutoka hewani, na hewa ya Dar es Salaam ina unyevu mwaka mzima. DOT 4 mpya haichemki chini ya nyuzi 230. Ikishafyonza maji kiasi cha asilimia 3.7, kiwango hicho kinaweza kushuka hadi 155. Sasa mchukue kijana anayeikimbiza Altezza usiku Barabara ya Bagamoyo. Gari lililo kwenye kilomita 120 kwa saa lina nishati mara nne ya lililo kwenye 60, na nishati hiyo breki huigeuza kuwa joto. Akikanyaga mfululizo mafuta yanachemka, mvuke unajaa kwenye kalipa, na pedeli inakwenda hadi sakafuni huku gari likizidi kwenda. Likipoa, pedeli inarudi kama kawaida. Asubuhi anakwenda kununua pedi.

Mafundi nawatetea kidogo. Mteja hulipia anachokishika mkononi. Ukimwambia nusu saa ya kutafuta ugonjwa ina bei, anaona anaibiwa. Hapo wa kubadilika ni sisi wenye magari. Fundi aendeshe gari kwanza, akanyage mwenyewe, ndipo apige jeki, na kazi hiyo alipwe. Mafuta nayo yabadilishwe kila baada ya miaka miwili. Lita moja ya DOT 4 inaitosha Altezza, yakitolewa nipo baada ya nipo hadi yatoke masafi.