Mkikagua shule, waulizeni walimu kuhusu mkuu wao

Na Novatus Kamugisha

Februari 2009, Mkuu wa Wilaya ya Bukoba, Albert Mnali, aliamuru walimu 19 wa shule tatu za msingi wachapwe viboko na polisi. Kosa lao lilikuwa uchelewaji, utoro na matokeo mabaya ya mitihani. Siku chache baadaye Rais Jakaya Kikwete alimfuta kazi Mnali, na wengi tukadhani yameisha.

Hayajaisha. Fikra kwamba mwalimu hachapi kazi mpaka atishwe bado ipo. Anayo mwalimu mkuu anayemfokea mwenzake mstarini, wanafunzi wakitazama. Anayo na yule anayeandika barua ya kutaka maelezo kabla hajauliza mgonjwa wa nyumbani anaendeleaje.

Utoro upo, tusidanganyane. Mzazi wa Kitendaguro ana haki ya kukasirika mwanawe akirudi na daftari jeupe. Lakini vitisho vitamfanya mwalimu asaini daftari la mahudhurio saa moja asubuhi, basi. Andalio la somo linaloandikwa usiku, au kubaki na mtoto ambaye kusoma hakumwingii, havitoki kwa mtu aliyedhalilishwa.

Mwaka 1963 Wamarekani Andrew Halpin na Don Croft walichapisha utafiti wao wa hali ya mahusiano kazini katika shule za msingi 71. Kuna shule walizokuta mkuu anatangulia kazini na walimu wanasaidiana; kwingine mkuu hafikiki, makaratasi yamejaa, kila mmoja na lake. Walimu wetu wanaijua tofauti hiyo bila kusoma utafiti. Barua ya uhamisho ikifika, wanapigiana simu: “Mkuu wa pale yukoje?” Maswali ya nyumba na maji yanafuata.

Najua mwalimu mkuu hapandishi mtu daraja wala halipi malimbikizo. Ila ratiba ya vipindi ni yake, na zamu pia. Akibandika ukutani matumizi ya fedha za ruzuku, minong’ono ya ofisini inapungua. Serikali inampa posho ya madaraka, Sh200,000 kwa mwezi, na kuishi vizuri na walimu ni sehemu ya madaraka hayo.

Maofisa elimu wa Bukoba na Muleba, mkienda shuleni msiishie kwenye maandalio ya masomo. Kaeni na walimu faraghani, muwaulize kuhusu mkuu wao, na majibu yaingie kwenye tathmini yake. Na kabla ya kumkabidhi mtu ofisi hiyo, apitie kwanza mafunzo ya Wakala wa Maendeleo ya Uongozi wa Elimu (ADEM), Bagamoyo.